Mwanafunzi wa Miaka Thelathini na Tisa

Tononoka, Mombasa
11 Februari 1996

Mwanangu Mirriam,

Pokea salamu zangu, za baba yako na za mdogo wako Ketty, ambaye jino limemtoka na hataki kucheka mbele ya watu. Sisi wazima. Je, masomo yako, baridi ya Eldoret na kile kifua chako vinaendeleaje?

Nina jambo. Juma lililopita wodini mama mmoja alianza kutokwa na damu baada ya kuzaa. Niliiona mimi kwanza, nimeshika mopu ya kupigia deki. Nilijua la kufanya, lakini mhudumu wa wodi haruhusiwi kumtibu mgonjwa, ikabidi nikimbie jengo zima kumtafuta muuguzi. Yule mama alipona. Ila mimi sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Karibu na huko kwenu kuna chuo cha wauguzi cha misheni. Wana mtihani wao wenyewe wa kuingilia, na wanapokea watu ambao hawajatimiza miaka arobaini. Mimi natimiza Desemba. Nenda ukaniulizie, kisha unipime kama unavyompima mtu baki: nafasi ninayo au sina?

Mamako,
Mbodze


Eldoret
25 Februari 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, kifua kimetulia. Mwambie Ketty acheke tu, jino litaota.

Nilikwenda Jumanne. Karani wao ni mama mmoja aitwaye Nasipwondi, mtu mwema, alinikalisha na kunifungulia majalada. Mwaka jana watu mia nne na kumi na wawili walifanya mtihani. Waliochukuliwa ni thelathini. Mkubwa wao alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Maswali ni ya bayolojia, hesabu na Kiingereza, na wengi wanaokuja wametoka shuleni juzi.

Wewe ulimaliza kidato cha nne mwaka wa sabini na nne, na bayolojia ulipata pasi ya chini. Uliniomba nikupime kama mtu baki. Basi nafasi yako naiona ni moja katika hamsini, na hapo nimekupendelea. Usiombe, mama. Safari ni ndefu, na aibu ya kurudi mikono mitupu nisingependa uipate. Ukitaka kusoma, hapo Mombasa kuna kozi fupi za kila namna.

Mwanao,
Mirriam


Tononoka
9 Machi 1996

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilitukuta salama, ila Ketty ana mafua.

Nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali uliposema haiwezekani. Sikupaona. Kwa hiyo fomu nimeituma Jumatatu.

Nimempata Mwalimu Seth wa shule ya Buxton, yule mstaafu. Nikitoka kazini saa tisa napita kwake. Siku ya kwanza alinipa mtihani wa kidato cha pili, nikapata thelathini na moja kwa mia. Nikamwuliza, "Mwalimu, nafasi ninayo?" Akavua miwani akasema, "Kwa leo huna. Rudi kesho." Nikarudi. Jana nilipata arobaini na nne. Hesabu za sehemu bado zinanitesa, lakini moyo wa binadamu naweza kuuchora nimefumba macho, na vyumba vyake vyote vinne.

Baba yako ananitazama nikichora kwenye meza ya kulia.

Mamako,
Mbodze


Tononoka
21 Aprili 1996

Mwanangu Mirriam,

Salamu nyingi. Hujajibu, na Pasaka imepita. Kama u mgonjwa, sema. Kama umekasirika, sema vilevile. Kwa Mwalimu Seth nimefika hamsini na tisa kwa mia.

Mamako


Eldoret
2 Juni 1996

Mama,

Shikamoo. Si mgonjwa na sikukasirika. Nilikuwa naona haya, na sasa nakuandikia kabla sijabadili nia.

Mambo yote niliyokwambia kuhusu chuo ni kweli, lakini sikukwambia yote. Nasipwondi alipofunga jalada aliniuliza mamangu anafanya kazi gani. Nikamwambia mhudumu wa wodi ya wazazi, mwaka wa kumi na nne. Akasema, "Mbona hukuanza na hilo?" Mama, nusu ya alama zao ni mahojiano, na waliowahi kufanya kazi wodini wanatangulizwa. Akaniambia, "Mtu kama huyo tungependa kumwona." Nilitoka na maneno hayo na sikuyatia kwenye barua.

Niliogopa. Wewe ukiondoka miaka mitatu, Ketty atabaki na nani? Baba ana zamu za bandarini. Nilijiona nimeitwa nyumbani nikiwa mwaka wa pili, nikaacha masomo niliyoyapigania, nipike na kufua. Nikapunguza nafasi yako ili yangu ibaki.

Nisamehe.

Mirriam


Tononoka
14 Juni 1996

Mirriam,

Barua nimeipata. Nilikaa nayo siku nne.

Umenikosea. Ungaliniambia unaogopa, ningalikujibu, kwa maana hofu hiyo ni ya haki. Badala yake umenifanya mimi mjinga katika jambo langu mwenyewe. Hilo liliniuma kuliko ile moja katika hamsini.

Sasa nakujibu. Hutaacha masomo. Nilimsomea baba yako barua yako yote. Akasema, "Kumbe huyu mtoto anadhani mimi siwezi kupika wali." Juma hili ameomba zamu ya asubuhi ya kudumu, na shangazi yako Nyevu atamchukua Ketty shuleni na kukaa naye mpaka baba afike.

Mtihani ni tarehe kumi na tisa Julai. Nimekusamehe, ila usinipunguzie tena.

Mamako,
Mbodze


Tononoka
28 Julai 1996

Mwanangu,

Salamu. Nimerudi salama, miguu imevimba kwa basi. Ahsante kwa kuja kunilaki na kwa ile chupa ya chai.

Hatukupata muda wa kukusimulia mahojiano. Walikuwa watatu. Daktari mmoja akaniuliza, "Wenzako watakuwa na umri wa binti yako. Wakikucheka?" Nikamwambia, "Wenye umri wa binti yangu ndio ninaowashika mikono wakizaa. Bado hawajanicheka." Hakuandika kitu. Sijui ni vizuri au vibaya. Hesabu za sehemu zilikuwa mbili, moja niliiweza.

Mamako


Eldoret
25 Agosti 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai nyote wazima.

Majina yalibandikwa jana, nikaenda kuyasoma mwenyewe. Jina lako halimo katika wale thelathini. Chini yake kuna watu sita wa akiba, na wewe ni wa tatu. Nasipwondi anasema kila mwaka mmoja au wawili hawaji. Watatu kutokuja hajawahi kuona. Wanaripoti Jumatatu tarehe tisa Septemba, na daftari linafungwa Ijumaa saa kumi. Wa akiba asiyekuwepo getini anarukwa.

Safari hii nimekwambia yote. Kama mtu baki ningesema usije. Kama mwanao nasema funga sanduku.

Mirriam


Chuo cha Wauguzi
14 Septemba 1996

Mwanangu Mirriam,

Pokea salamu za mtu aliyechoka lakini mzima.

Nilifika Jumatatu alfajiri. Tulikuwa wanne wa akiba kwenye benchi la getini. Jumanne waliitwa wa kwanza na wa pili. Jumatano kimya. Alhamisi yule wa nne akarudi kwao, mlinzi akaniambia, "Mama, nenda na wewe." Nikamwomba maji ya kunywa, nikakaa. Jana saa nane na nusu Nasipwondi akatoka mbio, kiatu kimoja kikimvuka. Msichana mmoja amepata chuo kingine, ndugu yake kaja kuchukua vyeti.

Nililia chooni ili wasinione. Kisha nikanawa uso nikatia sahihi.

Tuko sita chumbani. Wasichana wamebishana nani anipishe kitanda cha chini, na mmoja ameshaniuliza kama najua kusuka. Jumatatu saa mbili tunaanza na mifupa. Kuna mia mbili na sita, nimeshajua arobaini.

Jumapili ijayo ukija, niletee soksi nyeupe jozi mbili na kalamu ya risasi. Umwandikie na baba yako. Atasema hana haja ya barua, lakini mwandikie.

Mamako,
Mbodze, mwaka wa kwanza