Risiti Ina Jina la Bosi

Mwenzangu, nimekwisha. Nimekwisha kabisa.

Unakumbuka ujumbe niliomtumia bosi jana, wa kuacha kazi? Ule uliokuchekesha mpaka ukatoa machozi, nilipomwambia akatafute punda mwingine?

Leo nimekwenda uhamiaji kuchukua pasipoti na kibali changu cha ukaazi. Mama wa dirishani akaangalia kompyuta, akaniuliza, "Ada alilipa nani?"

Nikasema bosi, kwa kadi yake.

"Basi risiti ina jina lake. Mlipaji ndiye anayesaini kuchukua."

Nikamwambia, mama, picha ni yangu! Alama za vidole ni zangu!

"Mlipaji ndiye anayesaini, binti." Hata macho hakuinua.

Nikauliza, je, nikilipa upya mwenyewe? Eti inawezekana, ila ombi la kwanza lifutwe kwanza. Na anayelifuta ni nani? Mlipaji!

Yaani pasipoti yangu naiona pale kwenye trei, na siwezi kuigusa.

Nimekaa kwenye ngazi nusu saa, naandika nafuta, naandika nafuta. Mwisho nikamtumia: "Shikamoo bosi."

Amejibu sasa hivi:

"Marahaba. Punda mwingine sijampata. Kesho saa moja kamili uwe kazini."