Mishale Yote Inakwenda Kushoto

Ijumaa, 1 Agosti 2025

Mama ameamua. Nikiingia kwenye watatu wa kwanza katika shindano la mishale la tarehe 17 kule Kanyosha, upinde wa marehemu baba unabaki kwangu. Nikishindwa, Seifu anautundika kwenye ukuta wa restora yake mtaani Ngagara, juu ya frigo ya Fanta. Mdogo wangu huyo ameshachagua misumari. Ameniambia kwa upole kabisa: dada, wateja wataupenda. Nimemjibu kwamba upinde si kalenda.

Na hajawahi kuushika hata siku moja. Baba alifariki Seifu akiwa bado ananyonya.

Jumapili, 3 Agosti

Mazoezi. Essence ya magari hakuna tena, nimetembea na upinde mgongoni mpaka Kanyosha. Kila mutu ananiuliza nawinda nini mjini.

Mishale yangu ya matete imepinda kwa jua. Fortunat, mwalimu wa klabu, anasema niachane na matete, nichukue tube za kaboni, ndizo miti ya mishale ya kisasa. Dada yake Lisette amekuja likizo kutoka Bruxelles na valizi nzima ya tube za klabu. Kila tube ina namba. Namba ikiwa ndogo, tube ni ngumu. Ikiwa kubwa, tube ni laini. Nimeuliza mara mbili kama hajakosea. Apana, ndivyo ilivyo.

Unaijaribu bila manyoya ya nyuma, hapo ndipo inakuambia ukweli. Kwa mutu anayevuta kamba kwa mkono wa kuume, tube ngumu mno inakwenda kushoto. Laini mno, inakwenda kuume. Nimejaribu 400. Kushoto. Sawa, ni ngumu mno, upinde wa baba si mkali hivyo.

Jumatano, 6 Agosti

500: kushoto. 600: kushoto. Fortunat akasema kichwa kizito cha mshale kinailegeza tube. Akafunga vichwa vizito. Kushoto.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo 700. Laini, karibu ya tambi. Kushoto! Lisette amehamisha baiskeli yake.

Fortunat ameukagua upinde. Juu kidogo ya mshiko kuna mfereji mdogo, upande wa kuume, umelainika kabisa. Mshale wangu unapita upande mwingine. Anafikiri ni panya. Panya gani anayepiga msasa?

Nimechukua 700 sita hata hivyo. Hakuna aliyekuwa na shauri bora.

Jumapili, 10 Agosti

Mishale sita. Mmoja umeingia kwenye shabaha. Shabaha ilikuwa ya Lisette.

Nyumbani nililia kidogo, mlango nimefunga. Sitaki upinde ule ukae ukutani, watu wanafuta mafuta ya nyama ya brochette mdomoni huku wanauangalia. Basi, nimeandika.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilikuwa uani, napiga kwenye gunia la mchanga. Mama anachambua mboga za lengalenga. Siku zote hizi hajawahi kuniona nikipiga. Akatazama. Akaweka sinia chini. Akauliza kwa nini nashika upinde kinyume.

Nikamwambia nashika kama watu. Mi nilizaliwa wa kushoto, hilo nyumba nzima inajua. Nilipokuwa mutoto mkono ule ulifungwa kitambaa mpaka ukajua adabu. Kula, kuume. Kusalimia, kuume. Kupokea, kuandika, kuume. Siku niliposhika upinde sikuwaza hata kidogo. Bismillah, na kuume.

Mama akasema: "Mukono wa kuume ni ya kula na kusalimia. Upinde nayo inakulwa?"

Halafu akatoa jambo ambalo hajawahi kulisema. Baba naye alikuwa wa kushoto. Mezani, kuume. Mbele ya watu, kuume. Lakini akipanda milimani kuwinda kware, kushoto, kwa sababu kule hakuna wa kumuona. Ule mfereji ni njia ya mishale yake.

Nikauliza nani alinifunga kile kitambaa. Nilidhani ni yeye mama. Kumbe ni baba.

"Walimucheka sana," amesema. "Hakutaka na we wakucheke."

Nilikasirika. Nikacheka. Nikakasirika tena. Mtu anajificha milimani na mkono wake, anarudi nyumbani kuufunga wa mtoto! Nimekaa nimeweka kidole kwenye mfereji mpaka mama akaniita nile.

Jumatano, 13 Agosti

Kushoto — yaani kwa mkono wa kushoto. Jicho limetulia. Fortunat akasema tuyasahau majaribio yote: upande usio na mfereji, mti wa upinde ulikuwa unasukuma kila tube kushoto. Ukigeuza mkono, mambo yote yanageuka: ngumu kuume, laini kushoto. 400 sasa inakwenda kuume. 700 kushoto. 600 kushoto kidogo. 500, katikati. Nimepiga tena nihakikishe. Katikati.

Mi nina 700 sita. Za 500 ziko kwa Lisette, na Lisette naye anashindana. Nimempigia simu. Amesema nichukue tatu, mradi nisimpige yeye.

Jumapili, 17 Agosti

Kanyosha. Vumbi na upepo. Naandika tukingoja duru ya mwisho.

Mi ni wa nne. Wa nne! Nilipogeuza mkono wazee wawili nyuma yangu walinong'ona kwamba huyu mama ni wa kushoto. Nimesikia. Sijafa. Watu wa klabu walikuwa wamezoea kusimama kuume kwangu, leo hawajui wasimame wapi.

Seifu amekuja, amemleta mama na kiti chake cha plastiki. Akaniomba ashike upinde kidogo. Nikataka kumwonyesha unavyoshikwa. Hakungoja. Akashika mti kwa kuume, akavuta kamba kwa kushoto, taratibu, mpaka shavuni. Seifu! Huyu anayekula kwa kuume, anayesalimia wateja kwa kuume, tangu namjua. Nimemuuliza: nani amekufundisha?

"Hakuna," amesema.

Mama anaangalia viatu vyake. Huyu hakufungwa kitambaa na baba.

Seifu ameachia kamba polepole, kidole chake kimekuta mfereji, kimebaki pale. Habari ya misumari hajaigusa tena. Nimemwambia ni mishale ya baba iliyochimba hapo. Macho yake mekundu, na vumbi si jingi kiasi hicho.

Wameita jina langu. Kwa kuume naandika, kwa kushoto nimemnyooshea Seifu mkono anipe upinde. Wameita tena. Seifu bado ameushika.