Ukurasa Mlangoni mwa Duka

S.L.P. Makambako,
18 Julai, 1993.

Mpendwa kaka Dulla,

Assalaam aleikum. Hamjambo huko Dar es Salaam, wewe, wifi Lulu na watoto? Kikohozi cha wifi kimepungua? Sisi tu wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Baba habanduki jikoni, amekuwa kama paka.

Magazeti uliyompa kondakta yalifika. Nashukuru, ingawa laiti yangepotelea njiani.

Shemeji yako Hamis unamjua, habari njema hawezi kukaa nayo peke yake. Aliposoma kwamba sasa mkulima anaweza kusafirisha mahindi yake bila kibali, alikoroga uji wa ngano, akaubandika ukurasa ule kwenye mlango wa duka. Siku ya soko watu walijaa. Mzee Yosefu wa Mdandu, mteja wetu wa miaka mingi, aliomba asomewe tena na tena, kisha akapakia magunia yake na kuondoka bila kibali.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari wakayashusha yote. Walipomuuliza nani kamruhusu, alijibu kwa moyo mweupe, "Mlango wa Hamis umesema."

Kesho yake afisa biashara akaja na kufuli. Leseni yetu, alisema, ni ya kuuza sukari na sabuni, siyo kutangaza habari. Hamis akamwambia, "Mheshimiwa, hayo si maneno yangu, ni ya gazeti." Akajibiwa, "Basi lete barua ya mwenye gazeti kwamba wewe si wakala wake." Baba anasema enzi za Mwingereza naye alinyang'anywa gazeti sokoni. Alidhani mambo hayo yaliondoka na bendera yao.

Nilikuwa nataka kukuomba uifuate barua hiyo, mara redio ikatangaza kuwa gazeti lenyewe limefungiwa. Sasa nani atatuandikia? Tukienda Njombe wanaturudisha Makambako, na Makambako wanasema uamuzi uko Njombe. Mwenye nguvu mpishe, sawa, lakini sisi tumpishe twende wapi? Nimechoka, kaka, na duka ndilo lililokuwa likitulisha.

Mzee Yosefu alikuja kuomba radhi na dumu la ulanzi, akasahau kuwa sisi hatunywi! Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Mahindi yake nayo hayajarudi.

Ukurasa bado uko mlangoni. Tumekatazwa kuubandua, eti ni ushahidi. Na tumeonywa kwamba akionekana mtu anausoma, kosa letu linaongezeka. Basi Hamis anashinda pale nje akifukuza wasomaji. Hamis, kaka! Aliyekuwa akiwaita watu kutoka barabarani waje wasikie habari.

Wasalimie wifi Lulu, shangazi Esha na Mudy. Baba anakuombea, nami namwomba Mungu awakinge na kila shari. Gazeti usitutumie tena. Hata dawa ya Baba, tafadhali, ifunge kwa karatasi isiyo na maandishi.

Dada yako anayekupenda daima,
Rukaya