Ndoo Msiiondoe

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa. Mashine ya kukatia nyasi msiiguse, iko juu ya jeki na gurudumu la nyuma nimeliegemeza ukutani. Nimekwenda dukani kutafuta kile kipande cha chuma kinachoshikanisha gurudumu na ekseli. Kisipokuwepo, ekseli inazunguka na gurudumu linakutazama tu. Mkiamka, pitisheni sumaku ya friji kwenye nyasi, huenda mkakiona kilichopotea.

Chekeni tu. Mimi ninayewagombeza kwa kupoteza nati!

Ni mara ya kwanza nafungua gurudumu tangu tumzike mama yenu. Nilipiga magoti, nikatoa klipu, washa, ile pete bapa ya chuma, kisha hicho kipande, na kila kimoja nikakipitisha nyuma bila kugeuka, kama miaka yote, yeye akiwa amekalia ndoo anapokea. Nikauliza, “Umeshika vyote?” Ndipo nikageuka. Ndoo tupu, vitu vimetawanyika nyasini. Klipu na washa nimeviokota.

Niliwaita. ~~Mlilala kama magogo, wala hakuna aliyejali.~~ Mlikuwa mmechoka, basi.

Mkitoka, fungeni mlango wa nyuma. Grisi ikimwagika, msifutie taulo langu.

Gurudumu nitalirudisha nikifika. Kulibeba naweza mwenyewe, msinihurumie. Ila ndoo msiiondoe pale ilipo. Mmoja wenu aje aikalie, na nikiuliza, anijibu.

Baba