Pentax yangu na kamba ya Canon

Orly, nimechoka, lakini sikia hii!

Leo nilienda kupiga picha kwa mahari ya Jemima. Mama yake mukubwa anaona Pentax yangu: «Kamera gani hii? Siye tulisema Canon!» Akanivalisha kamba ya Canon ya mutoto wake ku shingo, juu wageni wasitucheke. KAMBA, Orly!

Nikapiga picha ng'ombe zote za mahari, moja moja. Mama mukubwa anaangalia picha: «Munaona? Canon haidanganyaka!» Palepale akanipa kazi ya kupiga picha ndoa ingine kule Nizi, sababu sasa barabara iko kimya kidogo, watu hawashambuliwe sana.

Nikashindwa kunyamaza: «Mama, ni Pentax.»

«Ah. Basi tutatafuta mwenye Canon.»

Kazi imeenda. Lakini Pentax yangu sitaiuzisha, hata kama Bunia muzima hakuna tena mwenye anauzisha batri yake.