Swichi Uliyomwonyesha Bi Mdogo

Baba Zuhura, mume wangu,

Gari lako limepona. Nakupa habari hiyo kwanza, maana wewe ungeuliza gari kabla ya kuniuliza mimi hali yangu. Limepona, na aliyeliponya ni mke wako mdogo. Maneno hayo nimeyaandika mara mbili nikayafuta, mara ya tatu nimeyaacha. Nina wivu, Baba Zuhura. Miaka tisa nimejifanya sina, nawaambia majirani kwamba mimi na Rehema wa Mikumi ni ndugu. Ndugu gani! Hata namba yake ya simu nilikuwa sina.

Tulipogawana mirathi yeye alipata nyumba ya Mikumi, mimi nikapata gari. Moyoni nilichekelea. Nyumba ni matofali, nikasema, lakini kwenye kile kiti cha dereva alikaa mume wangu. Nilipotoka eda nikampa mdogo wangu Shomari ufunguo, tukaanza kubeba mchele na mboga za watu wa Chanzuru kupeleka Dumila. Kazi hiyo ndiyo inayotulisha mimi na Zuhura.

Barabarani lilikwenda vizuri kabisa. Balaa lilianza tukifika Dumila, pale kwenye mabasi, tukienda mwendo wa kinyonga kutafuta pa kushushia mzigo. Mshale wa joto unapanda, mvuke unatoka, wauza nyanya wanakimbia na mabeseni yao. Siku ya kwanza Shomari, kwa haraka zake, alifungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa bado ya moto. Mkono wake una kovu.

Fundi wetu wa Kilosa akaitoa themostati, akasema hicho ni kizuizi tu, acha maji yapite yanavyotaka. Likachemka. Akabadilisha pampu ya maji. Likachemka. Mwisho akafuta mikono akaniambia gasketi imekufa, ama injini ifunguliwe yote, ama nimwachie mnunuzi wa vyuma chakavu, tena anamjua mmoja. Nilimwomba anipe siku tatu. Nilikuwa naogopa, na si kwa ajili ya riziki peke yake. Kile kiti chako kingepandishwa kwenye mizani ya vyuma.

Shomari ndiye aliyesema tumpigie Rehema. Nikamuuliza, Rehema anajua nini kuhusu gari? Akaangalia pembeni. Alikuwa anajua kitu, na mimi sikijui, na hilo lilinikera zaidi ya gari lenyewe. Nikaitafuta namba kwa shemeji, nikapiga.

Alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba kwa taabu. Nikamweleza yote. Hakushangaa, aliuliza swali moja tu: "Dada, linachemka likikimbia au likisimama?"

Fundi na pampu yake hakuwahi kuuliza hivyo. Na mimi, tangu ulilete lile gari nyumbani, limeshatumiwa na watu wawili kabla yako, nilikaa kiti cha nyuma. Mbele alikaa mama yako, na alipofariki pakakaa kapu lake. Unaikumbuka safari ya harusi ya Kidete? Nilikuwa nyuma na sinia la pilau mapajani, natazama kisogo chako njia nzima, naona raha. Hicho kisogo nakijua hadi kovu lake. Mshale wa joto sikuwahi kuuona.

Kesho yake Rehema akaja na basi. Hata chai hakunywa. Aliingia upande wa dereva, akazungusha ufunguo, akapeleka mkono chini ya usukani kama anayejikuna goti, na feni ikaanza kuvuma huko mbele. Swichi ya taa, Baba Zuhura! Ile nyeupe ya ukutani, umeifunga kwa waya huko gizani, Shomari anadhani ni ya redio iliyokufa. Rehema akaeleza taratibu kwamba feni iliacha kujiwasha yenyewe, ndipo ukaiungia swichi ya mkono. Gari likikimbia upepo unapoza, likipunguza mwendo lazima uiwashe. Themostati irudishwe, akasema, na rejeta iwekwe kipozeo chake, si maji ya mto. Fundi, niliyekuwa nimemwita aje asikie, alikuwa anatazama viatu vyake.

Kisha akalitoa gari uani kinyumenyume, bila kugusa banda la kuku, akazunguka nalo mtaani akarudi. Mimi nilipokuomba unifundishe ulicheka, ukaniambia gari halikorogwi kwa mwiko. Nikacheka nawe, mjinga mimi. Siku hiyo wivu ulinipanda, nikamuuliza mbele ya Shomari, bila haya, kwa nini ulimfundisha yeye.

Akazima injini. "Macho yake yalikuwa yamekwisha, dada. Ni sukari. Hakutaka wewe ujue."

Akanisimulia, na mimi nimesimama tu nimeshika mlango wa gari. Miaka miwili ya mwisho aliyeendesha kutoka Mikumi ni yeye. Ikifika zamu yangu alikuleta mpaka karibu na kuingia mjini, akashuka, akasubiri basi la kurudi. Wewe ukashika usukani kipande kile kifupi, polepole, ukapiga honi mlangoni. Na mimi nikakimbia kufungua, nimejifunga kanga mpya. Shomari aliwahi kuwakuta hapo njiani, ukamwapisha asiseme.

Chai niliyokuwekea ilikuwa na vijiko vitatu vya sukari. Uliinywa yote, ukasema nyumba yenye chai ni hii. Sukari, Baba Zuhura! Kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilimtazama Rehema nikitafuta ubaya wake, sikuupata, na hilo nalo limeniuma. Kwangu ulimleta mume aliyenyoa ndevu, mwenye utani. Kwake ulipeleka miguu inayowaka moto, vidonge, na macho yanayogonga vizingiti. Najua watu wataniambia, bi mkubwa, wewe ulitunziwa heshima, mwenzako akabeba mzigo. Waseme. Mimi ningeubeba. Ningejifunza kuendesha hata kwa kugonga mabanda yote ya Kilosa. Ningekushika mkono, ningekunyima sukari tukagombana, ningekujua. Uliniletea kilichokuwa kizima, ukadhani ndicho nilichokitaka.

Mungu akusamehe na akulaze pema. Mimi nitakusamehe nikiweza, na leo siwezi.

Mkeo wa Kilosa,
Mama Zuhura