Sultani Alivyoruka Dirisha

Claudia, acha unachofanya. Bado nacheka peke yangu ofisini.

Leo mkaguzi wa elimu ya watu wazima alikuja Mnyambe kuamua kama darasa langu lifungwe. Nikawapanga wanafunzi wawili wawili kwa matokeo ya jaribio, anayesoma vizuri na anayeanza. Sultani nikamkalisha na Bi Somoe.

Sultani akaruka dirisha. Claudia, ALIRUKA DIRISHA! Mbele ya mkaguzi!

Kumbe Bi Somoe ni mama mkwe wake, na huku mwanamume hakai na mama mkwe wake uso kwa uso. Mimi na takwimu zangu zote, hilo sikuuliza.

Nikajua darasa limekwisha. Mara Bi Somoe akajifunika kanga, akapaza sauti kwa mkwewe: "Baba Zuhura, soma hukohuko nje! Mimi nafuata kitabuni."

Sultani, kitabu chake mkononi, akasoma habari ya wanunuzi wa korosho, ametugeuzia mgongo. Bi Somoe akafuata kwa kidole ukurasa mzima. Ukurasa mzima! Alikuwa hajawahi kuvuka mstari wa pili.

Mkaguzi amekubali darasa liendelee. Nikamwahidi Bi Somoe mwenzake mwingine, akakataa:

"Niachie huyuhuyu, mwalimu. Huyu hawezi kunibishia."